Kadi ya memori: iangalie kabla ya kutoa pesa

Ndugu wanachama wa koperative za Uvira, Bonde la Ruzizi na pwani ya ziwa, safari hii hatuanzi na mihogo wala mpunga. Tunaanza na kitu kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba: kadi ya memori, ile wengi tunaiita tu memori.

Sababu ni hii. Katika ziara zetu, kuanzia Sange na Kiliba mpaka Makobola, swali moja linarudi kila mara: “Agronomu, tulichanga pesa tukanunua memori ya giga 64. Kwa telefoni ya sekretere inafanya kazi, lakini redio ya koperative inasema haina kitu. Je, tuliibiwa?”

Jibu ni: pengine ndiyo, pengine hapana. Kuna kadi za uongo, na tutazieleza. Lakini mara nyingi kadi ni nzima na redio ni nzima, ila haviwezi kusomana. Basi pesa ya wanachama inalala bure.

Mimi ni agronomu, si fundi wa telefoni. Somo hili nililipata kwa hasara. Miaka michache iliyopita nilinunua kadi ya “giga 64” kwa bei ndogo sana, nikafurahi. Nikaijaza picha za majani ya mihogo yenye mozaiki, vipimo vya mashamba, na sauti za wakulima. Kati ya sauti hizo kulikuwa na mama mmoja mzee wa upande wa Runingu. Alinieleza kwa Kifuliiru namna alivyokuwa akichagua mbegu za mpunga tangu ujana wake, saa nzima bila kuchoka. Nilipofika ofisini, majina ya mafaili yote yalikuwepo, lakini mengi hayakufunguka. Picha tulizipiga tena msimu uliofuata. Yule mama hatukumkuta tena, alikuwa amefariki. Sauti yake hatunayo mpaka leo.

Kwa hiyo naomba msome makala hii kama mnavyosoma maelezo ya dawa ya shamba: polepole, na kabla ya kununua.

Kwa nini memori ina maana kwa mkulima

Koperative nyingi sasa zina redio ndogo yenye tundu la kadi, spika ya sola ya mikutano, telefoni mbili tatu, na pengine kamera. Kadi moja inaweza kubeba vipindi vya kilimo, video za mafunzo, picha za magonjwa ya mimea na picha za kurasa za daftari la depo. Shirika la Access Agriculture, kwa mfano, lina video nyingi za mafunzo kwa wakulima, nyingine ziko kwa Kiswahili na Kifaransa, na kuzichukua ni bure. Mtu mmoja anazichukua mara moja mahali penye mtandao mzuri, kisha kadi inazunguka kijiji kwa kijiji. Hakuna anayemaliza mega zake tena. Hayo yote yanawezekana kama kadi inafaa chombo chake.

Jambo la 1: Angalia ukubwa wa kadi na tundu

Kadi tunazozikuta sokoni ni za ukoo mmoja unaoitwa SD. Ukoo huo ulianza mwaka 1999, pale makampuni matatu, SanDisk, Matsushita (wenye jina la Panasonic) na Toshiba, yalipokubaliana kutengeneza kadi ya aina moja. Mwaka 2000 wakaunda chama cha kusimamia kanuni zake. Ndiyo maana herufi zilizo juu ya kadi zina maana ileile Uvira, Bujumbura au Dubai.

Kwa umbo, za kawaida ni mbili:

- SD kubwa, milimita 32 kwa 24. Inaingia kwenye kamera na kwenye kompyuta nyingi.
- microSD, milimita 15 kwa 11. Ndiyo ya telefoni, redio na spika.

Kwenye redio nyingi ndogo, karibu na tundu pameandikwa “TF”. Wengi wanazunguka soko zima wakitafuta kadi ya TF. Msihangaike. TF ni jina la kwanza la microSD, la mwaka 2004. Ni kadi ileile.

microSD inaweza kuvaa koti lake la plastiki, yaani adapta, ikaingia kwenye tundu la SD kubwa. Kinyume chake hakiwezekani. Kwa hiyo kama koperative ina kamera na redio pia, nunueni microSD yenye adapta. Na ubavuni mwa adapta kuna kifungo kidogo cha kusukuma. Kikiwa upande wa “Lock”, kamera itakataa kuandika. Kadi haijaharibika. Kirudisheni tu upande wa pili.

Jambo la 2: Jua mwisho wa chombo chako

Hapa ndipo pesa nyingi zinapotea. Angalia herufi ndogo kwenye kadi, pembeni ya neno SD:

- SD peke yake: mpaka giga 2.
- SDHC (au HC): zaidi ya giga 2 mpaka giga 32.
- SDXC (au XC): zaidi ya giga 32 mpaka tera 2.

HC ilikuja mwaka 2006, XC mwaka 2009. Kanuni yake ni rahisi: chombo kipya kinasoma kadi za zamani, lakini chombo cha zamani hakisomi kadi za kisasa. Mjukuu anaelewa maneno ya babu, lakini babu haelewi maneno yote ya mjukuu.

Kwa nini? Kadi ni kama depo, na ndani yake kuna daftari linaloonyesha kila gunia liko wapi. Kadi za HC zinatumia daftari linaloitwa FAT32. Kadi za XC zinatoka kiwandani na daftari jingine, exFAT. Redio ndogo au telefoni ya vibonyezo ikifungua daftari la exFAT haijui kulisoma. Basi inasema “hakuna kadi”, au inaomba kuifomati. Telefoni yenye Kifaransa itaandika “Formater”. Kubonyeza ndiyo ni kufuta kila kitu kilichomo. Msikubali kabla ya kujua kuna nini ndani.

Sasa mwisho wa chombo utaujuaje? Soma karatasi iliyokuja ndani ya boksi. Tafuta sehemu ya memori: utakuta neno kama “hadi 32 Go”. (“Go” ya Kifaransa na “GB” iliyoandikwa kwenye kadi ni kitu kimoja, yaani giga. “Mo” na “MB” ni mega.) Kama karatasi imepotea, uliza mwenye chombo kama hicho anatumia kadi ya ngapi. Na kama hakuna anayejua:

- Redio, spika na telefoni ndogo za vibonyezo: chukua giga 4, 8 au 16 za HC. Usivuke 32.
- Telefoni kubwa za kugusa kioo: nyingi zinakubali 32, na mpya zinakubali 64 na zaidi. Angalia kwanza kama ina tundu la kadi, maana nyingine hazina kabisa.
- Kamera ya zamani sana isiyo na alama ya HC: giga 2 tu.

Fundi mmoja anaweza kukuambia kwamba kadi ya giga 64 ikifomatiwa kwa FAT32 itasomwa na redio. Kwa vyombo vingine ni kweli, lakini si kwa vyote. Koperative isinunue kwa kubahatisha. Kadi ya giga 8 inayosomwa ina thamani kuliko ya giga 64 isiyosomwa.

Jambo la 3: Piga hesabu ya mahitaji yenu

Watu wanadhani kadi ikiwa kubwa ndiyo nzuri. Tupige hesabu. Sauti ya MP3 ya ubora wa kawaida inachukua karibu mega 1 kwa dakika. Kipindi cha nusu saa ni mega 30. Kadi ya giga 4 itabeba zaidi ya vipindi 120. Kwa redio ya koperative, hiyo ni mafunzo ya zaidi ya misimu miwili hata mkisikiliza kipindi kimoja kila siku ya soko.

Picha ikiwa na mega 3, kadi ya giga 8 inabeba zaidi ya picha 2,000. Video ndiyo inayokula nafasi. Kwa video nyingi, chukua 16 au 32 kama chombo kinakubali.

Msishtuke pia mkiona nafasi pungufu kidogo. Kadi ya 8 itaonyesha karibu 7.4, ya 16 karibu 14.9, ya 32 karibu 29.8. Hiyo siyo wizi. Kiwanda kinahesabu kwa elfu elfu, lakini kompyuta na telefoni nyingi zinahesabu kwa 1,024.

Jambo la 4: Hakikisha chombo kinafahamu aina ya faili

Kuna kisa kimoja tumekiona mara nyingi. Kadi inasomwa vizuri, nyimbo zinapiga, lakini ujumbe wa sauti wa agronomu kutoka WhatsApp hausikiki. Wanachama wanasema kadi imeharibika, wanataka kununua nyingine. Kadi haina kosa. Sauti za WhatsApp zinawekwa kwa aina inayoitwa opus, na redio ndogo nyingi zinafahamu MP3 tu. Hata sauti iliyorekodiwa kwa telefoni inaweza kuwa ya AMR au M4A, ikakataliwa vilevile.

Dawa yake ni kugeuza faili kuwa MP3 kwenye kompyuta kabla ya kuiweka kwenye kadi. Kijana wa kituo cha kompyuta anaweza kufanya hivyo kwa dakika chache. Kwa video, telefoni ndogo zinapenda 3GP au MP4 ya kioo kidogo. Mkichukua video, chagueni ile ya telefoni, msichukue ile kubwa ya televisheni.

Jambo la 5: Mwendo wa kadi

Juu ya kadi mtaona namba ndani ya herufi C: 2, 4, 6 au 10. Hiyo ni idadi ya mega ambazo kadi inaahidi kuandika kwa sekunde moja, kwa uchache. Kusikiliza redio, hata C4 inatosha. Kupiga picha na video, chukua C10. U1 nayo inaahidi mega 10. Alama za U3 na V30 zinaahidi mega 30 na zinasaidia watu wa kamera kubwa. Sisi kwa redio na spika hatuna haja ya kuzilipia.

Jambo la 6: Kadi za uongo

Sasa turudi kwenye hasara yangu. Kadi ya uongo haionekani kwa macho. Ndani ya kila kadi kuna akili ndogo inayojibu chombo kinapouliza, “Una nafasi ngapi?” Mdanganyifu anachukua kadi ya giga 4, anaifundisha kujibu “64”, kisha anaichapisha 64 juu. Telefoni inaamini. Giga 4 za kwanza zinaingia salama. Baada ya hapo, kadi inaandika vitu vipya juu ya vya zamani, au inavitupa tu. Majina ya mafaili yanabaki kwenye daftari, lakini magunia hayamo depo. Utagundua siku unapoyahitaji.

Sisi wakulima tunajua jambo hili kwa mbegu. Mfuko unaweza kuandikwa lolote. Tunahesabu mbegu 100, tunazilowesha, tunangoja tuone ngapi zimeota, ndipo tunapanda. Kadi nayo ijaribiwe hivyo:

1. Nenda sokoni na chombo chenyewe, kikiwa na moto wa kutosha. Mwombe muuzaji uijaribu hapo hapo. Anayekataa, muache.
2. Ogopa bei isiyo ya kawaida. Kadi ya 64 kwa bei ya kadi ya 8 ni ishara mbaya.
3. Omba fakture, na mkubaliane kuhusu siku za kurudisha kabla ya kutoa pesa. Wauzaji wengi nao wanadanganywa na waliowauzia, kwa hiyo ongea naye kwa heshima.
4. Ukifika nyumbani, ijaze kadi yote. Usiweke nyimbo mbili tatu. Jaza mpaka iseme haina nafasi. Toa, rudisha, kisha fungua faili za mwanzo, za katikati na za mwisho. Zikifunguka zote, kadi ni ya kweli.
5. Mwenye kompyuta ya Windows atumie programu ya H2testw, na mwenye Linux atumie F3. Zote ni za bure. Zinajaza kadi zenyewe, zinasoma tena, kisha zinakuambia ukweli. Zifanye wakati kadi bado ni tupu.

Kuona tu namba “64” kwenye telefoni si jaribio. Hiyo namba ndiyo uongo wenyewe.

Kuitunza

Kadi nyingi haziharibiwi na vumbi la barabara. Zinaharibiwa na mikono yetu. Usitoe kadi wakati chombo kinaandika au kinapiga sauti. Zima kwanza, ndipo utoe. Moto wa betri ukiwa karibu kuisha, acha kurekodi, maana chombo kikizimika katikati, daftari la kadi linavurugika. Usiguse meno ya dhahabu kwa mikono yenye mafuta ya mawese au udongo. Kadi ikilowa, usiiweke kwenye chombo mpaka ikauke kabisa kivulini.

Kadi ikianza kukataa ghafla, msikimbilie kuifomati. Ijaribuni kwanza kwenye chombo kingine. Ikifunguka, nakilini vyote siku hiyohiyo.

Kadi moja haitoshi

Hili ndilo la mwisho, na ndilo kubwa. Hata kadi ya kweli, inayofaa, iliyotunzwa, itakufa siku moja. Na hapa kwetu hatari si kadi tu. Tunakumbuka katikati ya Aprili 2020, Mulongwe ulipofurika ukabeba watu na nyumba Uvira. Tunakumbuka 2024, ziwa lilipopanda na kuingia majumbani pwani. Makaratasi yaliondoka na maji. Daftari la mikopo ya mbegu likienda, koperative inabaki na mabishano: nani alilipa, nani hakulipa, nani alileta magunia mangapi.

Kwa hiyo kila kitu chenye maana kiwe na nakala mbili, katika nyumba mbili, zisizo karibu na mto mmoja. Nakala ya kwanza ikae kwa sekretere, ya pili kwa Mama Prezidanti au jeran wa depo. Kila mwisho wa mwezi, siku ya mkutano, kadi mbili zilinganishwe mbele ya watu. Kadi ya kumbukumbu isiwe ile ya nyimbo inayozunguka na vijana. Na picha ya daftari haifukuzi daftari. Karatasi ibaki, kadi iwe msaidizi.

Mimi sikufanya hivyo. Nilikuwa na kadi moja, na sauti ya yule mama ilikuwa humo peke yake. Kwa kadi ya pili ya giga 8, leo vijana wa Runingu wangemsikiliza.

Ya kubandika ukutani depo

1. Tundu ni la SD au microSD? (TF ni microSD.)
2. Chombo kinakubali mpaka giga ngapi? Bila uhakika, usivuke 32 HC.
3. Tunahitaji nafasi kiasi gani kwa kweli?
4. Mafaili yetu ni MP3 au aina inayosomwa?
5. C4 kwa kusikiliza, C10 kwa picha na video.
6. Fakture ipo? Kadi imejazwa yote na kusomwa tena?
7. Nakala ya pili iko kwa nani?

Katika ziara ijayo, leteni redio, spika na kadi zenu zote, hata zile mlizozitupa kwenye droo. Tutakuja na kompyuta, tutazijaribu moja moja mbele yenu. Kwa kila redio tutaandika karatasi ndogo na kuibandika mgongoni: “microSD, HC, mwisho giga 32”, au namba yake halisi. Atakayetumwa sokoni baada ya hapo, hata kama ni mtoto, atajua anunue nini.

Tunawatakia msimu mwema.